Goti la Fundi Halfani Lakunjwa kwa Zamu

Asubuhi za Newala huanza kwa ukungu, na ukungu ule ukishapanda kutoka bondeni huchelewa kuondoka, kama mgeni aliyeonjeshwa chakula kizuri. Mbele ya duka la ushonaji la Fundi Halfani, ng'ambo ya soko, palikuwa na benchi la mninga lililolainishwa na suruali za watu wasio na haraka. Hapo ndipo Bi Siti alipotua birika lake la kahawa kila siku, makaa yakiwa bado mekundu. Wasiokosa walikuwa watatu. Wa kwanza ni Mzee Safari, balozi wa nyumba kumi, waliyemwita Azimio, kwa sababu hata mbuzi wa mtu akila mihogo ya jirani, yeye alilitafutia jambo hilo mahali pake katika siasa ya nchi. Wa pili ni Mwalimu Modest wa elimu ya watu wazima, mtu wa kuja, aliyeitwa Redio. Wa tatu ni Nikolao, utingo wa lori la korosho, jina lake la benchini Gia. Na mwisho wa benchi alikaa Fundi Halfani mwenyewe, mguu wake wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, masikio yake yote yakiielekea barabara ya Masasi.

Alikuwa na sababu ya kuisikiliza barabara ile. Kano ya goti lake ilikatika siku aliporukia handaki, katika zile siku ambazo vita vya ng'ambo ya Ruvuma viliwafanya watu wa ukingoni watazame juu kila waliposikia mngurumo. Daktari mgeni wa hospitali ya misheni alimpasua, akamtengenezea kano nyingine, kisha akamwagiza jambo moja: kila siku mguu ukunjwe na kunyooshwa na mtu mwingine, polepole, yeye mwenyewe akiwa amelegea kabisa, mpaka goti likubali kukunjika kama la mtu aliyekaa kitini. Leo Landrova ya hospitali ilikuwa ije. Goti likiwa limekubali, Fundi angebaki nyumbani na cherehani yake. Likiwa bado linagoma, angerudishwa hospitali, apigwe nusu kaputi, na goti likunjwe kwa nguvu. Daktari hakumficha: kukunjwa kwa nguvu kungeweza kukata tena kilichoshonwa. Na ndani ya duka, chini ya shuka, cherehani ya miguu ilimngoja mwenye kuikanyaga.

— Shikamoo, Balozi, Halfani aliamkia.

— Marahaba, Fundi. Goti linasemaje?

— Limenyamaza.

— Mwanaheri kaniachia agizo, alisema Bi Siti akipanga vikombe. Ameshuka bondeni kuchota maji. Kasema, mkunjeni mume wangu kabla gari halijafika, wala msimkunje kwa maneno.

— Tutamkunja, alisema Azimio. Ila kwanza tuelewane.

— Hapo ndipo tulipoishia jana, alisema Gia.

— Jana tulielewana nusu. Fundi, hebu niambie tena. Hiyo kano mpya, daktari aliitoa wapi?

— Kwangu mwenyewe. Alikata ukanda huku pajani, akautia gotini. Kama mimi ninavyochukua kitambaa cha pindo nikatia kiraka palipochanika.

Azimio alipiga paja lake kwa furaha.

— Kujitegemea! Mmesikia? Hakuagiza kano Ulaya. Hakuomba msaada. Goti limejengwa kwa mali ya mwili wenyewe!

— Basi mambo si yamekwisha? aliuliza Redio.

— Hayajaisha, Mwalimu. Goti limeshajitegemea, halafu daktari yuleyule anasema mwenye mguu asifanye kitu. Alegee! Mwingine amwinulie, mwingine amshushie. Sasa mimi nauliza, kiungo kinachotembezwa kwa jasho la wenzake tunakiitaje?

— Mgonjwa, alisema Bi Siti.

— Tunakiita kupe.

— Mguu wangu kupe, Balozi?

— Sikusema wewe, Fundi. Wewe ni mfanyakazi, nakujua. Nasema huo mguu.

Halfani alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Laiti wangejua ugumu wa kulegea! Amekanyaga cherehani tangu ujana wake; miguu yake haikuwahi kupelekwa na mtu. Kila usiku Mwanaheri alipoweka kiganja chini ya kisigino, paja la Halfani lilikurupuka kusaidia, na lilipokurupuka, goti lilijifunga kama ngumi. Mkewe alimwambia, "Lala tu, mume wangu." Akajibu kwamba amelala. Paja lake likamwumbua.

— Leteni mguu, alisema Gia, akachuchumaa na kukipakata kisigino. Nyinyi mnaleta siasa, na hili ni jambo la mitambo.

— Wewe tena! alisema Redio. Kwani Fundi aliruka handakini kwa sababu gani? Ndege tuliyoisikia siku ile si lilikuwa lori lenu lenye ekzosi mbovu?

— Ekzosi ilikuwa mbovu, sikatai. Lakini handaki sikulichimba mimi.

— Polepole, Gia, alisema Halfani.

— Polepole ndiyo kazi yangu. Nashusha hivi... nainua hivi... Unaona? Hapa pamekwama. Springi ya lori ikikaa mvua nzima bila grisi hulia hivihivi. Goti hili linataka mafuta.

— Mafuta gani?

— Ya maganda ya korosho. Hayagandi wala hayaozi.

Bi Siti alikiweka kikombe chini.

— Utamchuna ngozi, mwendawazimu wewe! Hujapata kuona mikono ya kina mama wanaobangua? Mafuta yale hula mpaka kucha.

— Nilisema kwa nje kidogo tu.

— Kwa nje ndiko kwenye ngozi!

Azimio alinyanyuka, akakunja mikono ya kanzu.

— Toka hapo, Gia, kabla hujamuua mwananchi. Kazi hii tutaifanya kwa zamu, kama barabara ya kwenda zahanati. Nipe kisigino.

Basi Mzee Safari, mwenye mvi na wajukuu, akachuchumaa mbele ya Halfani na kukiweka kisigino chake katika viganja vyake viwili. Hapo Halfani aliona haya kuanzia masikioni hadi shingoni. Mguu wake, mikononi mwa mtu anayemwamkia shikamoo! Tangu lini mtoto wa watu akapakatwa unyayo na mzee? Paja likainuka lenyewe kumpunguzia mzee mzigo. Goti likafunga.

— Fundi, umekaza.

— Sikukaza, Balozi. Ni heshima.

— Heshima gani iko gotini?

— Naona haya, Mzee wangu. Unyayo wangu na wewe...

— Sikiliza. Hapa mimi si mzee wako, mimi ni mjumbe wa zamu. Legea!

— Usimwamrishe kulegea, alisema Redio. Mtu akipigiwa kelele "legea" hukakamaa. Nipe mimi, tena kaeni mnisikilize, maana nimesikia jambo kubwa redioni.

Ikawa kisigino kimehama tena. Redio alikishika kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa na kahawa, akawa anakishusha na kukiinua bila kukitazama, kama mtu anayesukuma susu la mtoto huku akizungumza na jirani.

— Huko ng'ambo, alisema, wanafikiria kutengeneza kitanda chenye mota. Mgonjwa anaweka mguu juu yake, analala usingizi wake, mota inakunja, mota inanyoosha, usiku na mchana.

— Uongo, alisema Gia.

— Na wakishaweza goti hawataishia hapo. Watatengeneza mashine ya kushuka bondeni kuchota maji na kuyapandisha.

— Hiyo waanze nayo, alisema Bi Siti. Goti lingojee.

— Kisha mashine ya kupalilia. Kisha mashine ya kuhudhuria mikutano, wewe uko kwako umejifunika shuka.

Azimio alishtuka hata kahawa ikamchuruzika kidevuni.

— Mashine ihudhurie mkutano? Na kupiga makofi itapiga nani?

— Itapiga yenyewe, Balozi. Itakuwa na mikono ya bati.

— Na kuuliza maswali?

— Haitauliza. Ndiyo maana wenyeviti wataipenda.

Benchi zima lilicheka. Halfani alijiona akizungumza kabla hajafikiri.

— Na mjumbe ataipelekea mashine taarifa, au mashine itampelekea mjumbe?

— Wewe nawe, Fundi! alisema Azimio. Nimekukunja goti, sasa unanikunja mimi?

— Hukunikunja, Balozi. Umenipakata tu!

Gia aliruka akampokonya Redio kisigino. Alisema Mwalimu ana mkono mmoja tu kazini, nao unaota ndoto. Akawa anakishusha, safari hii akikipeleka nyuma kuelekea miguu ya benchi, huku macho yake yanamwangalia Azimio.

— Mimi nimeshagundua ugonjwa, alisema. Goti hili linaogopa.

— Linaogopa nini?

— Siku ile Fundi alitoka handakini akaja nyumbani. Goti halikutoka. Goti liko mle mpaka sasa, limejibanza, linangoja ndege ipite. Sasa anayelikunja ni mtu, lakini lenyewe linadhani ni Mreno.

— Astaghafirullah, alisema Bi Siti.

— Basi liambiwe kuwa ndege ilikuwa lori! alisema Redio.

— Nani aliambie? Goti lina masikio?

— Liandikishwe kwenye darasa langu la jioni. Walioingia hawajui herufi sasa wanasoma vibao vya barabarani.

— Halitafaa darasani, alisema Azimio, sasa uso umemnawiri. Nimeona kosa letu. Goti hili linaishi peke yake! Tazameni: paja liko huko juu, unyayo uko huko chini, lenyewe limejitenga katikati kama mtu aliyejenga porini kukwepa wenzake. Dawa yake ni moja. Lihamishiwe kijijini.

Gia akautua mguu chini, akarudi kukaa benchini, kwa sababu jambo alilotaka kulisema lilihitaji mikono yote miwili.

— Balozi! Utalihamisha goti ulipakie kwenye lori?

— Lori si lako? Utalipakia na vyombo vyake.

— Vyombo gani?

— Mfupa ule wa mbele, ule unaotembea kama kifuniko cha chungu. Hicho ni chombo chake.

— Likifika huko litapewa shamba? aliuliza Redio.

— Litapewa. Na jembe.

Hapo Halfani alishindwa kujizuia. Aliinama mbele, kikombe mkononi, machozi ya kicheko yakimtoka, akadakia:

— Ngojeni, ngojeni! Jembe goti litalishikaje?

— Litashirikiana na kiwiko.

— Kiwiko cha nani, Balozi? Changu kina kazi ya mkasi!

— Ndiyo hayo tunayoyakataa, Fundi! Changu, changu! Kiwiko ni cha wote!

— Basi na mimi nitakuja kuazima chako sikukuu, nguo za watoto zikinizidi!

— Uje tu! Lakini kwanza ujaze nafasi kwenye kamati!

— Kamati ya magoti?

— Ya magoti na viwiko! Mwenyekiti ni mimi!

— Nani kakuchagua? aliuliza Gia.

— Mashine zenye mikono ya bati zimepiga makofi, alisema Redio, na wote wakaegemeana mabegani kwa kicheko, vikombe vikimwagika, hata Bi Siti akajifunika uso kwa pindo la kanga. Mwanamke aliyepita na kikapu cha mihogo alisimama, akawatikisia kichwa, akaenda zake.

Hakuna aliyeisikia Landrova ikisimama.

Alishuka muuguzi kijana, sare nyeupe, kilemba cheupe, vumbi la Masasi hadi kwenye kope. Alikuwa mgeni, hawakuwahi kumwona.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Asante, nina haraka. Naitwa Justa, nimetoka hospitali. Nimetumwa kumchukua mgonjwa ambaye goti lake limekataa kukunjika. Nimeelekezwa benchi hili. Ni yupi?

Kicheko kilikatika. Azimio alinyoosha kidole kuelekea mwisho wa benchi, kama mjumbe ajuaye watu wake, na kidole kikasimama hewani. Redio aliangalia mstari wa magoti. Gia naye aliangalia. Watu wanne walikaa bega kwa bega, miguu minane imekunjwa sawasawa, visigino vimerudi nyuma chini ya benchi. Kando, kigoda kilikuwa kitupu.

— Si nyinyi mlikuwa mnamkunja? Bi Siti alinong'ona. Nani alimfikisha hapo?

Gia alimtazama Redio. Redio alimtazama Balozi. Balozi aliitazama mikono yake mwenyewe.

Dada Justa alipitisha macho kutoka goti hadi goti, akayarudia tena kwa utaratibu kuanzia mwanzo wa benchi, na uso wake ukaanza kuonesha shaka kama ameelekezwa mahali pasipo.

— Jamani, alisema, mgonjwa ni yupi?

Halfani aliteremsha kiganja chake kwa upole mkubwa juu ya goti lake la kulia, kama mtu anayemwekea mkono mtoto aliyesinzia, ili asije mtu akamwamsha.