Masahihisho ya Nani-Kasema

Habari ya laki nane haitoki kwenye karatasi hii, baba mdogo, nimekwisha kusema tangu asubuhi na narudia mbele ya watu, kama historia ya mdogo wangu itasomwa basi itasomwa yote, na mkitaka nusu mtafuteni mwingine wa kuisoma, ila sidhani kama mtampata, maana tulioijua yote ni watatu, mmoja yumo humo kwenye sanduku, wa pili ni shemeji yangu seremala, ambaye leo hana sauti, na wa tatu ni mimi. Baba mdogo anasema msibani hakuanikwi nguo chafu. Nimemsikia, ni mzee wangu na namheshimu, lakini nguo hizi zilikwisha anikwa miaka miwili na nusu iliyopita, na aliyezianika tutamfikia, kwa hiyo naomba tukae, tusikilize.

Marehemu mdogo wetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Nani-Kasema, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu baba yetu, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na marehemu mama yetu, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na baba akiwa na miaka mitano, kwa sababu ukimwambia mvua itanyesha anakuuliza nani kasema, ukimwambia mwalimu anakuita, nani kasema, na siku mama alipomwambia kwamba dawa si chungu, aliikataa mpaka mama alipoonja kwanza, na uso wa mama ukajibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, ile iliyo mkabala na ghala la saruji, akamaliza mwaka 1992, na alifaulu, nasema alifaulu kwa kuwa wapo wanaodai hakufaulu, ila ada ya sekondari iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo nilikuwa mimi kaka yake, ambaye niliiacha hiyo shule kabla ya mwaka kwisha, nikaenda kujifundisha mwenyewe kufungua redio na kuzifunga. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa katika duka la steshenari lililo mbele ya mahakama, akipiga chapa na kutoa nakala, akiwaandikia watu barua za kazi, hati za kuuziana viwanja, na mara mbili barua za mapenzi, ambazo alizisahihisha bila kuombwa, na moja kati ya hizo ilizaa ndoa, wenyewe wamekaa pale na wanainamisha vichwa. Ni katika duka hilo alipoanza kukata magazeti mawili ya siku moja na kubandika vipande vyake kwenye daftari, kimoja huku na kingine huku, basi lilelile lililopinduka, gazeti hili linasema wamekufa wanne, lile kumi na mmoja, naye anakaa kitako na kuuliza wale saba wameuawa na nani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Desemba 2001, alifunga ndoa na seremala, mtu mpole, mwenye kupima mara tatu na kukata mara moja, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2003 na kijana aliyezaliwa mwaka 2007, wote wapo hapa mbele. Mwaka 2014, akiwa mke na mama, alifanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapita. Mwaka 2016 akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa walimchagua kuwa mweka hazina, na wakasema wazi kwamba wanamchagua kwa sababu anasumbua.

Septemba 2019, akiwa na miaka arobaini na moja, alijiunga na chuo cha habari kwa masomo ya jioni, ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, darasa lenye viti ishirini na sita na feni moja, na wanafunzi wenzake, ambao wengi wangeweza kuwa wanawe, walimwita Shangazi siku ya kwanza na kumwachia kiti cha chini ya feni siku ya pili. Somo alilolipenda lilikuwa la kuvisoma vyombo vya habari, na mimi nilimcheka, nikamwambia kama gazeti limekushinda kusoma, kwa nini ulipe ada, na yeye akasema, kaka, wewe ukipelekewa redio inayokoroma unaipiga kofi au unaifungua, nikasema naifungua, akasema basi nasi tunaifungua habari tuone waya. Aliyabandika ukutani, juu ya meza ya chakula, maswali manne: nani kasema, amejuaje, anapata nini, na nani hakuulizwa. Kuanzia hapo hakuna aliyekula kwa raha katika nyumba ile. Na palikuwa na kanuni moja ya kazi ambayo aliirudia kuliko zote, kwamba habari ikikosewa ukurasa wa kwanza, masahihisho hukaa ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule, na watu walewale waliosoma kosa wasome masahihisho. Ishikeni hiyo kanuni, tutairudia.

Machi 2021 mhadhiri wao aliwapa zoezi, kila mmoja atunge habari ya uongo yenye sura ya kweli, ailete darasani, wenzake waifumue na kuonyesha mshono uko wapi, kisha ichanwe. Wenzake walitunga habari za matajiri na wacheza mpira. Yeye alisema hatachafua jina la mtu ambaye hakumtuma, kwa hiyo alichafua la kwake, akaandika kwamba mweka hazina wa kikundi ametoroka na laki nane za akina mama, akaweka na picha yake akiwa na begi kituo cha mabasi, picha tuliyompiga alipokwenda kumzika shangazi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 18 Machi 2021, saa tisa alasiri, kwa kuwa kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka na alitaka kujua inaonekanaje kwenye simu nzima, aliituma kwa mtu mmoja tu, akiandika mstari mmoja chini yake kwamba atampigia amweleze. Mtu huyo alikuwa mezani kwake, amefungua redio ya mteja ambayo ilikuwa inamtesa tangu asubuhi, mkewe ni mwanachama wa kikundi hicho na alikuwa na akiba yake ya mwaka mzima humo, akaiona picha, akalisoma neno laki nane, damu ikampanda, hakusoma mstari wa chini, akaipeleka kwenye kundi la ukoo kwa maneno haya, oneni dada yenu aliyesoma. Simu yake ikaita mara sita. Hakupokea, alikuwa amekasirika. Mtu huyo ni mimi.

Nilipokuja kupokea, hakunitukana. Aliuliza, kaka, umeituma kwa nani, nikasema kwa watu wa nyumbani tu, akauliza wangapi, nikahesabu, nikasema arobaini na saba, akasema, basi imeshatoka.

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika sokoni. Jumamosi, tarehe 20 Machi, sanduku la kikundi lenye kufuli tatu lilifunguliwa mbele ya wanachama thelathini na wawili, fedha zikahesabiwa mara mbili, laki nane na elfu kumi na mbili, pungufu hakuna, na mngedhani mambo yameishia hapo. Watu wakasema seremala ameuza mbao zake usiku kucha ili kuzirudisha fedha. Mdogo wangu aliposema ilikuwa kazi ya darasani, walicheka, wakasema wizi nao sasa una chuo. Aliposema ameitunga mwenyewe, wakasema mnaona, anakiri. Kila mlango aliousukuma ulizidi kujifunga, akawa kama kuku aliyenaswa kwa uzi mguuni, kila akipiga hatua uzi unakaza, na uzi ule alikuwa ameusokota kwa mikono yake, jambo ambalo yeye ndiye alilijua kuliko sote.

Mei mwaka uleule mwenye steshenari alimwambia kwa upole kwamba wateja wanauliza maswali, apumzike kidogo, na kidogo hicho hakikuisha. Mitihani ya chuo aliifanya Julai, akashika nafasi ya pili, lakini bila mafunzo kwa vitendo stashahada haitolewi, na kila kituo cha redio alichopelekea barua kilikuwa kimeshaupata ule ujumbe kabla ya barua. Toka hapo alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, pazia limefungwa, meza, daftari zake na kiti kimoja, maji akachota kupitia mlango wa uani alfajiri, na wanawe wakajifunza kusema mama amelala.

Septemba 2021 aliniita, akanipa karatasi yenye mistari minne kwa mwandiko wake, akasema, kaka, itume palepale. Niliiweka mfukoni, nikasema mambo haya yatapita yenyewe. Ukweli ni kwamba niliona haya. Aliniuliza mara mbili zaidi, kisha hakuniuliza tena.

Februari 2022 aligundulika na maradhi ya figo, akawa anakwenda hospitali ya mkoa mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na siku ya Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, saa nne na robo asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Nimesikia hapa nje watu wakisema ameuawa na ule ujumbe. Mimi sitasema hivyo, ingawa ningependa kujipiga kwa fimbo hiyo, kwa sababu angeniuliza nani kasema. Daktari amesema figo. Kilichofanywa na ujumbe ni kumfungia ndani miaka miwili na ushei ya uhai wake, na hicho kinatosha, hakihitaji kuongezwa chumvi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari na wauguzi wa chumba cha kusafisha damu, ambao walimwita kwa jina lake kamili, jirani yetu dereva wa teksi, ambaye alimpeleka na kumrudisha bila kupokea nauli, akina mama watatu wa kikundi walioendelea kupita mlango wa mbele, na mhadhiri wake pamoja na wenzake wa darasa, waliokuja leo na kile kiti cha chini ya feni, kimewekwa pale karibu na jeneza.

Mdogo wangu, umechoka kueleza, sasa lala, usieleze tena, pumzika kwa amani.

Nyinyi wengine bado. Karatasi yake ninayo, inasema hivi: habari ya laki nane niliitunga mimi kwa kazi ya darasani, fedha hazikuondoka, zilihesabiwa tarehe 20 Machi 2021 zikatimia, aliyeisambaza hakuuliza, tafadhali itume hii kila mahali ulikoituma ile. Jina la aliyeisambaza hakuliandika. Nimeliandika mimi, mstari wa tano, na asubuhi ya leo nimeituma kwa wale arobaini na saba. Imo kwenye simu zenu sasa hivi. Baba mdogo, na yako pia imeita, nimeisikia. Hakuna anayenyanyua jeneza kwanza. Toeni simu, kila mtu aitume palepale alipotuma ile ya kwanza. Tunasubiri.