Mkono Uliofika Chini ya Gunia

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi. Teodora Nkwabi atastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa dagaa, hapa Igoma, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikwisha kuomba kupumzika mara mbili, na mara zote tulimbembeleza akarudi ghalani. Safari hii tumeahidi kumwacha aende. Tuone kama tutaweza.

Alianza kwenye mizani, miaka ile biashara ilipofanywa huria na kila mtu akawa mfanyabiashara, hata asiyejua anauza nini. Dagaa wetu walianikwa mchangani, na walaji wa Mwanza walitema mchanga bila kulalamika. Kisha tukapata mnunuzi Kigali, tukajiona tumeingia soko la kanda. Mzigo wa kwanza ulirudishwa kutoka mpakani Rusumo, lori zima. Wanaushirika walikuwa wamejaza dagaa wa mchangani chini ya magunia, na wale safi, waliokaushwa juu ya chanja, wakawaweka juu. Teodora alilifuata lori, akarudi nalo, na hakufungua mdomo mpaka Buhongwa, karibu kufika nyumbani. Aliyoyasema hapo hayaandikiki kwenye jarida hili.

Tangu siku hiyo, kila gunia lililovuka na kivuko kutoka Kamanga, ng'ambo ya maji, lilipitia kwake. Alizamisha mkono mpaka begani, akatoa dagaa wa chini kabisa, akawatafuna. Wapakiaji wakambatiza Daktari wa Ng'ombe. Waliofuga wanajua mkono wa daktari huyo huishia wapi. Alicheka nao, akaendelea na gunia linalofuata. Gunia la mdogo wake, Dorcas, alilikataa mbele ya watu, na Pasaka ile hawakula pamoja.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, tusidanganyane. Tulipoacha mchanga, wanunuzi wakataka magunia mapya. Tulipopata magunia, wakataka cheti cha ubora. Tulipopata cheti, nchi jirani nyingine ikataka cha kwake. Kwenye semina tunaambiwa huko ndiko kuunganishwa na masoko. Sisi tuliunganishwa kwa mgongo wa mtu mmoja. Madereva waliokwama mpakani walimpigia simu akiwa kanisani, na akiwa wodini akimuuguza mumewe. Hata siku tuliyomzika mzee Venant, mumewe huyo, alijitenga na kaburi kumwelekeza dereva kwa simu.

Wiki iliyopita Kigali wametuma ujumbe: msimu ujao hawataki magunia, wanataka pakiti ndogo. Kikaoni sote tukamgeukia Teodora.

“Mnanitazama nini? Mimi nimechoka, jamani,” akasema.

Ndipo Dorcas akasimama, akauliza pakiti zinapatikana wapi.

Asante, dada Teodora. Tunakuombea afya, wajukuu watulivu na usingizi usiokatizwa. Dereva akikupigia kutoka mpakani, usipokee. Tukikupigia sisi, usipokee pia.