Miaka Thelathini na Sita ya Dkt. Kokila na Ukungu Wake

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Dkt. Kokila Raichura anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025. Amekataa hotuba. Amekataa keki. Amekataa hata picha yake kuwekwa kwenye jalada la programu hii ya sherehe ya kumuaga, ndiyo maana mnaona picha ya ukungu. Wasifu huu aliukubali baada ya kusumbuliwa wiki nzima, tena kwa sharti: "Linus, andika, lakini ile mistake yangu usiifiche. Ukiificha, I'm not coming." Ahadi ni deni, nami nitalilipa. Ila mimi ni mtunza maabara, na kwangu kila kitu kina mahali pake, kwa hiyo kosa nalo lisubiri zamu yake.

Kokila alizaliwa Kisumu, ambako marehemu baba yake alikuwa na duka la mikate. Katika nyumba ile ukungu ulikuwa adui. Mkate ukiota madoa ya kijani ulitupwa kimyakimya, wateja wasijue. Binti yeye aliuficha mmoja chini ya kitanda ili aone madoa yataishia wapi, mpaka mama yake akaongozwa na harufu. Naweza kusema utafiti wake ulianza kwa kuchapwa.

Alikuja London kusoma, na mwaka 1989 akaajiriwa na taasisi yetu. Swali lililomleta hakuliacha tena. Ukungu una maelfu ya jeni, lakini haziwaki zote kwa pamoja, kama vile mwenye nyumba asivyowasha taa za vyumba vyote anapokwenda kunywa maji jikoni. Nani huwasha jeni hii na kuizima ile? Kwa nini sasa na si jana? Alichambua jinsi ukungu wake ulivyozima jeni za kumeng'enya vyakula vigumu kila ulipoonjeshwa sukari. Nilimwambia kwamba hata wanangu ndivyo walivyo, wala hawakuhitaji darubini.

Mkali alikuwa, tusidanganyane. Mwanafunzi aliyeingia maabara na kikombe cha chai alitoka nacho mbio. Lakini kila Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye meza yetu Waswahili wa jengo hili, pamoja na Noëlla wa Bukavu, anayetuoshea vyombo vya kioo na kutupikia chai ya tangawizi isiyo na mfano. Hapo Kokila alicheka hadi machozi. Na alikuwa na tabia moja tuliyoizoea: hakuweza kupita kabati la joto, lile la kuoteshea ukungu, bila kulifungua na kuchungulia. Aliusalimia ukungu wake kila mara, asubuhi, mchana, na akiwa amevaa koti la kurudi nyumbani.

Sasa zamu ya kosa imefika.

Kwa miaka kadhaa alifuatilia jeni inayoufanya ukungu utoe rangi ya manjano. Aliotesha ukungu wa aina mbili, ulioshiba na ulionyimwa chakula, kila mmoja katika kabati lake. Wenye njaa ukawa wa manjano, ulioshiba ukabaki mweupe. Akaandika kwamba njaa ndiyo inayoiwasha jeni ile. Makala yake yakasifiwa, akaalikwa huku na kule, na picha yake ikatundikwa kwenye korido yetu.

Majira ya baridi ya mwaka 2010 alifanyiwa upasuaji wa goti, akalala nyumbani. Aliporudi, ukungu wenye njaa tuliomwoteshea ulikuwa mweupe pe. Wengine tulisema mbegu imeharibika. Yeye alivuta kiti, akakaa mbele ya kabati mpaka akaelewa. Siku zote alikuwa akiuchungulia ukungu wenye njaa, maana ndio aliouhurumia na kuutarajia ubadilike. Ulioshiba aliuacha ulale. Kila alipofungua mlango, mwanga uliingia. Kilichoiwasha jeni si njaa, ni mwanga. Ni yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake.

Alirudia jaribio lote upya, visahani vikiwa vimefungwa kwa foili kama ndizi za kuchoma. Gizani, hata wenye njaa ulibaki mweupe; jibu lilikuwa mwanga. Akaliandikia jarida makala yake yaondolewe, akaeleza kosa kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa, kisha akapanda ngazi kwa goti lake bovu na kuishusha picha ya korido kwa mikono yake. Hakuna aliyemlazimisha. Tulishindwa kumtazama usoni, naye alishindwa kututazama. Wiki nyingi meza ya Alhamisi ilikunywa chai kama watu waliotoka kuzika.

Lakini aibu iliyomla haikuwa ya makala. Ilikuwa ya Gires.

Gires Bahati, kijana wa Bukavu, alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, na tasnifu yake yote ilisimama juu ya jeni ile ya manjano. Makala yalipoondolewa, tasnifu ikaanguka nayo. Kokila aliomba aongezewe muda na ufadhili. Akaomba tena, akakataliwa. Siku Gires alipokuja kuaga, alibisha kwenye chumba cha makabati. Kokila alikuwa ndani, amezima taa. Hakufungua. Mwanamke aliyekuwa hawezi kuuacha mlango umefungwa, huo aliuacha. Amenituma niliandike hili kama lilivyo, nami naliandika huku moyo ukiniuma kwa ajili ya wote wawili.

Baadaye Gires akawa dereva wa tramu za Croydon, kusini mwa London, na Kokila anaishi huko huko Croydon. Tramu inapita karibu na nyumba yake, lakini miaka yote hii hupanda basi, kwenye baridi na mvua, kwa kuogopa kuonana na dereva. Mtu akimuuliza, husema basi lina viti vizuri. Nimelipanda. Halina.

Kazi hakuiacha. Kwenye kila kabati aliandika kwa mkono wake: USICHUNGULIE. NILICHUNGULIA MIMI. Kila mwanafunzi mgeni alisimuliwa kisa kizima siku ya kwanza, kabla hajapewa hata koti la maabara. Hilo silioni katika wasifu wa wakubwa wengi. Leo hakuna kisahani chetu kisichofungwa foili, na wanafunzi waliopitia mikononi mwake wamelipeleka onyo hilo kila walikokwenda kufanya kazi.

Wasifu huu ungeishia hapa kama Noëlla hangekuwa anasali kanisa moja na Gires, kule Lewisham. Alimpelekea kadi ya mwaliko wa sherehe bila kumwomba mtu ruhusa. Jumapili jioni Gires alinitumia ujumbe wa sauti, nami nauandika kama nilivyousikia:

"Papa Linus, umwambie Maman, mi siko na kasirani. Zamani nilikuwa nayo, ikaisha. Ile siku nilijua yuko ndani, nilisikia analia. Na mimi nilikuwa na haya ya kubisha tena. Ijumaa niko naendesha mpaka saa kumi, nitapita pale kwake. Apande tramu yangu. Tutafika kwa fête pamoja."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko anavyostahili mtu wa umri wangu.

Dkt. Kokila, programu hii itakufikia nyumbani Jumatano, ili usije ukasema hukupata muda wa kufikiri. Ulitaka kosa lako lisifichwe, na halikufichwa. Sasa na wewe usijifiche. Asante kwa kazi, kwa ukali, kwa kicheko cha Alhamisi, na kwa kutufundisha kusema nimekosea bila kungoja kukamatwa. Tunakuombea ustaafu wenye afya, goti lililopona na mikate isiyoota kitu. Ukumbi wa sherehe uko hatua chache kutoka kituo cha tramu cha East Croydon, na chai ya Noëlla itakuwa motoni.

Ijumaa usipande basi.