Karti ya Kimya

Penye kona ya mtaa wa Waswahili, Rumonge, pale malori ya mawese yanaposubiri msafara wa askari kuelekea Bujumbura, pana benchi moja, birika moja na pipa tupu lililopinduliwa. Birika ni la Cibalonza, mama kutoka Uvira anayeuza kahawa ya tangawizi kwa vikombe visivyo na masikio. Pipa ni la vita. Wabishi wa benchi hilo hupeana zamu za mchana: watu wenye silaha wakishuka mlimani, mwenye zamu huligonga kwa rungu, na mtaa wote hukimbilia ziwani. Siku za utulivu hulikalia Alimasi, aitwaye Kapiteni, mvuvi aliyeibiwa injini ya mtumbwi akabaki na kofia.

Asubuhi hiyo Batuli alikuja na mwanawe Raisa mgongoni, akasimama pembeni. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Lakini Kassimu, dereva wa lori, alitaka jibu lake kabla msafara haujaondoka.

Saloni ya Batuli, yaani sebule yake, ilikuwa sinema ya wanawake wa mtaa. Kompyuta aliyoachiwa na mumewe iliunganishwa na televisheni, mikeka ikatandikwa, na mchana watu walitazama filamu. Ila karti ya picha iliyomo ndani ya kompyuta ilikuwa na feni ndogo, vantilateri, iliyovuma kama mashine ya kusaga. Masika yaliyopita mtaa ulivamiwa, na wanawake waliokuwa kwa Batuli hawakusikia pipa. Walishtuliwa na risasi zikiwa tayari sokoni. Jirani yake Mariyamu alikimbia na mtoto mmoja badala ya wawili. Wa pili alipatikana kesho yake chini ya mtumbwi, hai. Tangu hapo watu walisema mashine ya Batuli iliziba masikio ya mtaa. Mikeka ilibaki mitupu. Sasa alikuwa ameuza mbuzi wake wa pekee ili anunue karti isiyo na kelele, na hakuwa na mbuzi wa kukosea.

— Mama Raisa, sema, — alisema Kassimu. — Mufanyabiashara wa Buja iko na karti mbili tu. Moja iko na vantilateri kubwa, picha zake zinakimbia. Ingine iko tu na kibati chenye meno kama kitana, cha kutoa joto. Hii ni ya bei rahisi, na ni bubu kabisa. Nikishanunua, hairudi.

Batuli akafungua mdomo. Kapiteni akamwahi.

— Bubu? Hatari hiyo! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Itanyamaza, itanyamaza, siku moja puuu! Nyumba imekwenda.

— Wewe unajua nini? — akadakia Anwari, aliyeitwa Redio kwa sababu redio alizozitengeneza zilisema lugha mbili kwa pamoja. — Vantilateri kazi yake si baridi. Inasukuma picha! Picha inatoka ndani, inapita kwa waya, inafika televisheni. Bila upepo nani ataisukuma? Itafika imechoka.

— Ndiyo maana kwa Mama Raisa midomo inatangulia, maneno yanakuja nyuma? — aliuliza Cibalonza, akimimina.

— Kabisa! Midomo inapanda upepo, sauti inaenda kwa miguu.

Batuli alihamisha uzito wa mtoto. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa na manne.

— Lakini mufanyabiashara alisema filamu hazitaki karti ya nguvu, — alisema kwa sauti ndogo. — Michezo ya vijana ndiyo inataka nguvu.

— Huyo anataka kuuza, mama! — alisema Kapiteni. — Angalia karabai. Ukienda ziwani na taa ndogo, wanakuja ndagala, samaki wadogo. Taa kubwa, wanakuja mikeke, wale wakubwa. Karti ndogo, kwa televisheni watakuja watu wadogo. Hata jitu likicheza, utaona mutoto.

— Birika langu halina vantilateri na halijafa, — alisema Cibalonza. — Muifunike hiyo karti na kitambaa chenye maji, basi.

— Maji kwa umeme! Utatumaliza kuliko vita, — alicheka Redio. — Sikilizeni dawa. Tuchukue ile ya vantilateri, ordinateri, hiyo kompyuta, tuiweke kwa Kapiteni, televisheni ibaki kwa Mama Raisa. Kelele kule, picha huku.

— Na waya?

— Unapita juu ya mapaa.

— Askari wakiuliza?

— Tunaanika nguo.

— Na mvua ikinyesha?

— Basi zimefuliwa tena! Haba na haba hujaza kibaba.

Kapiteni akagonga pipa kwa visigino, akifurahia.

— Mimi naona ba mama wazoee tu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

— Zilituzuia, — alisema Batuli. — Siku ile. Hatukusikia.

Visigino vikatulia.

— Kweli, pole sana, mama, — alisema Kapiteni, akitazama kikombe chake. — Ile vantilateri ni mbaya. Pipa lilipigwa, likapigwa. Hata watu wa Muhuta, mbali kule, wangesikia.

— Mimi nililisikia mpaka kwenye meno, — alisema Redio.

Batuli aliinamisha kichwa. Hapo akatokea mwanamke mwenye kifurushi kichwani na kuku kwapani. Alikuwa Mariyamu, ndiyo kwanza anarudi kutoka Nyanza-Lac, kwa dada yake alikokimbilia.

— Amahoro, ndugu zangu.

— Amahoro, karibu, karibu!

Wakamweleza wote kwa mara moja: upepo, ndagala, waya, kitambaa. Mariyamu alisikiliza kwa heshima, bila kuelewa kitu.

— Sawa, — alisema. — Mimi nina jambo dogo tu. Siku ile, nani aligonga pipa? Mutoto wangu alikuwa nje. Nafikiri ni pipa lililomukimbiza kwa mitumbwi. Huyo mutu, nimemuletea kuku.

Kapiteni akamtazama Redio. Redio akamtazama Cibalonza. Cibalonza akafunua birika, akachungulia ndani.

— Zamu ilikuwa ya... — alianza Redio.

— Si ilikuwa yako? — alisema Kapiteni.

— Yangu? Mimi si nilikuwa...

Batuli alikumbuka mlango wake siku ile, wanawake wakisukumana kutoka, naye akijikwaa kwenye sandali kubwa za kiume, za tairi. Jozi mbili. Hakuwahi kujiuliza ni za nani. Sasa aliitazama miguu ya Kapiteni, kisha ya Redio: yote imevaa sandali za tairi.

Msafara ukapiga honi.

— Mama Raisa! — aliita Kassimu, mguu mmoja tayari ndani ya lori. — Karti gani?

— Ile bubu! — Sauti ya Batuli ilifika mpaka kwenye lori, na Raisa akaamka. — Isiyo na vantilateri. Nataka saloni yangu isiwe tena kisingizio cha mtu.

Lori likaondoka. Kapiteni akanyoosha kikombe. Birika likatoa tone moja na vipande vya tangawizi. Akainuka polepole, kofia mkononi.

— Basi nani? — aliuliza tena Mariyamu. Mkono ulikuwa umemchoka, akamweka kuku juu ya pipa.

Kuku akapiga hatua, kucha zikagusa bati, kri, kri. Wote wakasikia.