Levina Amon Lugembe, Fundi wa Vibandiko vya Moyo

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, masheikh mliotoka Tabora mjini kuja kutufuta machozi, ndugu, majirani na waombolezaji wote, wakubwa wangu shikamooni, mimi ni Emilian Lugembe, mdogo wa marehemu na kitindamimba wa mzee Amon, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya dada yetu, na yeye mwenyewe, akiwa bado na nguvu za kunisahihisha, aliniagiza nisome taratibu, nisimpambe, wala nisirukeruke tarehe.

Marehemu Levina Amon Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Ipole, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Amon Lugembe, mrina asali na mkulima wa tumbaku, na mama Marcelina, ambao wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa katika kanisa letu hilihili la Moravian mwezi Desemba mwaka huohuo, na wanaomkumbuka akiwa mdogo watakubaliana nami kwamba alikuwa mtoto wa kufungua kila kilichofungwa, maana redio ya baba aliifungua akiwa na miaka minane, akaifunga, ikaimba vizuri tu, lakini skrubu moja ikabaki mkononi, na viboko alivyopata siku ile vilikuwa vya skrubu, redio alisamehewa.

Alisoma shule ya msingi hapa Ipole kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaendelea na sekondari Tabora mjini mwaka 1987 hadi 1990, akikaa Cheyo kwa shangazi yetu, kisha akaenda chuo cha ufundi Dar es Salaam kusomea elektroniki, akahitimu mwaka 1994, na tarehe 1 Julai 1995 aliajiriwa serikalini kama fundi wa vifaa tiba, kazi iliyomzungusha hospitali za mkoa mzima, Nzega, Urambo, Sikonge, mara kwa lori, mara kwa treni, na mara nyingi kwa baiskeli akiwa amefunga boksi la vifaa kwenye keria.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na ndugu Hilari Bernardo, fundi wa reli, ambaye ni Mkatoliki, baada ya vikao ambavyo wazee wa pande zote mbili hawajavisahau, na makubaliano yakawa kwamba ndoa ifungwe parokiani na kila mmoja aendelee kusali kwake, wakutane mezani saa saba, nao wakaishi hivyo kwa miaka ishirini na saba bila mtu kuwaamulia ugomvi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Advera, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2000, ambaye ni muuguzi, na Amon, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2004, ambaye bado yuko chuoni.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu aliniambia nisipapite kwa haraka. Mwezi Juni 2009, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mashine ya kupima moyo ilianza kuchora mikwaruzo badala ya mapigo, dada akaitwa, akaikagua, akaandika kwamba ni mbovu, ikapakiwa kwenye treni kwenda Dar es Salaam, na mafundi wa huko walipoiwasha wakaikuta nzima kabisa, kwa sababu kosa halikuwa la mashine, lilikuwa la elektrodi, vile vibandiko vya duara anavyobandikwa mtu kifuani, ambavyo katikati vina jeli ya kupitisha ule umeme mdogo wa moyo kutoka kwenye ngozi hadi kwenye waya, pakiti yake ilikuwa imefunguliwa zamani, na kiangazi cha kwetu kikaikausha jeli ikawa ngumu kama gamba la samaki.

Mashine ilirudi mwezi Oktoba. Katikati ya miezi hiyo, tarehe 17 Agosti 2009, baba yetu alifika hospitali hiyohiyo akilalamika kifua, hakukuwa na cha kumpimia, akapewa dawa za tumbo, akarudi Ipole, na tarehe 20 Agosti akafariki. Kama angepimwa angepona au asingepona hatujui, hakuna daktari aliyetuambia lolote la namna hiyo, na dada hakuwahi kulisema, lakini tangu mazishi yale hakuweza tena kuona pakiti ya vibandiko imeachwa wazi akaipita, na mimi namjua dada yangu, alikuwa na maumivu ambayo hakutaka kufarijiwa, alitaka kuyafanyia kazi.

Alichotaka kilikuwa rahisi kukisema, kwamba vibandiko vimfikie mgonjwa vikiwa na jeli mbichi, popote alipo kati ya Tabora na Kigoma, hata Oktoba. Pakiti zilizokuja kutoka nje zilikuwa kubwa, za hospitali zinazomaliza pakiti nzima asubuhi moja, wakati huku kwetu pakiti hiyo ilikaa wazi hadi mwezi uishe, kwa hiyo akaamua kutengeneza pakiti ndogo ya mgonjwa mmoja, vibandiko kumi, ndani ya foili nzito, akaanza kuijaribu kila Jumamosi nyuma ya nyumba yake, akiiziba kwa moto, na zote zikavuja.

Mwaka 2013, katika soko la Tabora, alikutana na bibi Mwamvita Sabiri, ambaye kwao ni wafanyabiashara wa viungo tangu enzi za babu zao, na pakiti zake za binzari na iliki zilikuwa zinakaa miezi bila kupoteza harufu, dada akamwonyesha kazi yake, Mwamvita akaigeuzageuza, akamwambia, "Mama Advera, una haraka, moto wako unaunguza nje na ndani hapajashikana," wakaanza kubishana palepale, na kwa kweli hawakuacha kubishana hadi mwezi huu. Tarehe 30 Juni 2015 dada aliacha kazi ya serikali, jambo ambalo sisi ndugu tuliliita wazimu, mimi nikiwa wa kwanza kulisema kwa sauti, na Januari 2016 wale wanawake wawili walifungua karakana yao Cheyo, wakichanganya jeli wenyewe, wakiimimina, wakiibandika na kuiziba.

Namna yao ya kupima ubora iliwachekesha watu wengi. Pakiti zililazwa juu ya bati kiangazi kizima, zikafungwa kwenye keria ya bodaboda kuja hadi hapa Ipole na kurudi, nyingine akapewa shemeji Hilari azikabidhi kwa watu wa treni zifike Kigoma na kugeuza, njia ileile ambayo wapagazi wa zamani waliitembea kwa miguu wakienda Ujiji, na zikirudi dada alizifungua na kuibonyeza jeli kwa kidole, ikigoma kushika ngozi anaanza upya. Shemeji alikuwa akilalamika kwamba hizo pakiti zimesafiri kuliko yeye mfanyakazi wa reli. Mwaka 2018 walipeleka mzigo wao wa kwanza kukaguliwa, ukakataliwa kwa sababu pembe zilikuwa zinapitisha hewa, wakauchoma wote nyuma ya karakana, dada akasimama pale hadi moshi ukaisha, kisha akamuuliza Mwamvita kama chai ipo. Kibali walikipata tarehe 11 Februari 2020.

Hapo tulidhani kazi imekwisha, kumbe bado, kwa sababu miezi michache baadaye hospitali zikaanza kulalamika kwamba vibandiko vya Cheyo navyo vinakauka, dada akapanda basi kwenda kuona kwa macho yake, akamkuta bwana stoo wa hospitali mojawapo, mzee Ngollo, ambaye yuko hapa nasi na ameniruhusu nimtaje, akiwa na kamati ya mapokezi, wanafungua kila pakiti, wanahesabu vibandiko kimoja kimoja, kisha wanaifunga tena kwa stepla, kwa uangalifu mkubwa sana. Dada alipandisha hasira. Alirudi akachapisha onyo jekundu la kukataza kufungua, mzee Ngollo akalisoma lote, akaendelea kufungua, akamwambia, "Mama, nikisaini kumi, niwe nimevipata kumi, la sivyo kesho mimi ndiye mwizi."

Dada alinuna njia nzima hadi nyumbani, lakini kesho yake alimwambia Mwamvita kwamba mzee yule ana haki, kwamba mtu mwaminifu si ugonjwa wa kutibiwa, na kama pakiti haiwezi kuhesabika bila kufunguliwa basi pakiti ndiyo mbovu. Wakaibomoa kazi ya miaka saba. Wakavipanga vibandiko juu ya kadi ngumu, safu mbili za vitano vitano, vifungo vyake vya chuma vya kushikia waya vikitazama juu, wakatafuta foili laini zaidi ambayo inazuia hewa vilevile, na mwezi Machi 2021 dada akampelekea mzee Ngollo pakiti iliyozibwa, mzee akapitisha kidole gumba juu yake akiwa anatazama kwingine kabisa, akasema kumi, akasaini, akaiweka kabatini bila kuitoboa. Ndiyo pakiti inayotumika hadi leo, na kuhusu nani alikuwa mkaidi kati yao wawili familia haina msimamo.

Mwezi Agosti 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji Mwanza mwezi Septemba, akapata nafuu, akarudi karakana kabla ya ruhusa ya daktari, na mwezi Juni mwaka huu hali ikabadilika, hadi tarehe 1 Septemba alipolazwa Tabora. Siku aliyopimwa moyo wodini, muuguzi alifungua pakiti ya Cheyo, akatoa vinne, akaiacha wazi mezani, na dada akamwambia, "Mwanangu, ikunje hiyo kwanza, mimi nasubiri."

Tarehe 9 Septemba alituita shemeji Hilari, Mwamvita na mimi, akasema jambo moja tu, kwamba akifa tusimwage jeli kwa ajili yake, kwa sababu tangu Agosti kuna hospitali za njia ya reli zilizoishiwa vibandiko, na jeli ikishachanganywa haingoji zaidi ya siku tatu. Tukamwitikia, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa. Jumatano tarehe 17 Septemba jioni ndoo za jeli zilichanganywa, na Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, dada yetu akafariki dunia.

Najua yanayosemwa tangu jana katika msiba huu. Mmemtafuta Mwamvita jikoni na kwenye mikeka hamkumwona, wengine wamesema ni kiburi, wengine wamesema ni dini, na mmoja, tena wa ukoo wetu, amesema urafiki wao ulikuwa wa kazi tu. Alhamisi asubuhi Mwamvita alikuwa ameshashika ndoo ya kwanza aimwage aje kumlilia mwenzake kama desturi inavyotaka, na aliyemzuia ni shemeji Hilari, mfiwa mwenyewe, akamwambia aibu ya kutoonekana makaburini wataibeba wote wawili. Yuko Cheyo na vijana wake, na anayetaka kumsema anisubiri mimi kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Tabora waliompigania marehemu kwa mwaka mzima, majirani wa Cheyo mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani, watu wa reli, mzee Ngollo aliyekuja kwa basi akiwa na mguu mbovu, wana Ipole mliochimba kaburi tangu asubuhi kwenye ardhi hii kavu, pamoja na wote ambao sikuwataja kwa majina, Mungu awalipe.

Namshukuru pia Mwamvita Sabiri, ambaye amenipigia simu nilipokuwa nasimama kuja kusoma, akaniambia boksi la mwisho limezibwa na yote yamefika stesheni, akaniuliza kama tumeshamshusha, nikamwambia bado, akaanza kulia, nami nimeiacha simu wazi hapa mfukoni ili naye amzike.

Dada Levina, hawakuimwaga. Pumzika kwa amani.