Sabuni ya Majivu ya Mama Rabia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Sheikh wetu, Padri uliyetoka Ombaci, wazee wa Arua na Koboko, ndugu wafanyakazi, na wewe Mama Rabia, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupika sabuni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Watu huniuliza, "Kamisi, kiwanda chenu kimedumuje vizazi vitatu?" Huwa namtaja babu yangu, askari mstaafu aliyeanza na pipa moja jikoni kwake kule Koboko, na baba yangu aliyeleta hapa Arua mashine ya kukatia miche ya sabuni. Leo nitasema nisilopenda kulisema.

Mwaka 1975 magadi makali ya kupikia sabuni yaliacha kuja kutoka Kampala. Meko yetu yakapoa wiki tatu. Niliandika tangazo la kuwaachisha kazi watu ishirini na sita, nikaazimia kulibandika Jumatatu. Ijumaa, Mama Rabia akaingia ofisini.

"Bwana Kamisi, huko Aroi iko mama moja, jina yake Ocokoru. Yeye napika sabuni na maji ya majivu ya simsim. Wiki hii mimi nalala kwake siku mbili, najifunza."

Nilicheka. "Mama, hii iko kiwanda, haiko jikoni."

"Na babu yako naanza wapi?"

Nikampa sufuria moja, kusema kweli ili aniondokee tu. Sabuni ya kwanza ilikuwa kali mno, ikambabua mikono. Makovu anayo hadi leo. Hakulalamika. Alimwita Ocokoru aje, wakapunguza ukali wa maji yale, wakapika tena. Safari hii sabuni ilitoa povu jema, lakini ikakataa kuganda. Ikalala sufuriani kama uji mzito. Nikasema imwagwe, kwani nani atanunua sabuni isiyokatika miche?

Mama Rabia akasimama mbele ya sufuria. "Mutu hapana oga na umbo. Mutu naoga na povu."

Jumapili wakaijaza kwenye makopo matupu ya maziwa, wakaipeleka kuuza mtaani Awindiri. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta akina mama wamejaa langoni, kila mmoja na kopo lake, wakiitaka ile sabuni. Tangazo langu nililichana. Hakuna hata mmoja wa wale ishirini na sita aliyerudi nyumbani bila kazi, na wengi wao wamekaa mbele yangu sasa.

Basi natamka mbele yenu: kuanzia leo, mfanyakazi yeyote mwenye wazo jipya atapewa wiki mbili za kulijaribu kabla mimi sijafungua mdomo. Mama Ocokoru amekubali kuwa mwalimu wetu, na atalipwa kama mwalimu.

Mama Rabia, siku ile nilikucheka, na miaka mitatu sijapata ujasiri wa kukuomba radhi. Nakuomba leo, watu wote wakisikia. Nisamehe, mama yangu.

Nanyi nyote mlionisikiliza kwa subira, asanteni sana.