Aiskrimu ya Ukurasa wa Arobaini

Kwenye basi, mbele yangu, mzee aliyestaafu kupiga picha za matangazo ya televisheni alimpa muuguzi aliyeketi naye kitabu cha maisha yake, alichokichapisha mwenyewe. Kufika ukurasa wa arobaini, muuguzi akaruka kitini. "Babu! Kumbe tangazo la aiskrimu ni lako? Mwenzio nilichapwa kwa kulamba kioo cha televisheni!"

"Pole, mjukuu wangu. Vile vilikuwa viazi vya kupondwa. Aiskrimu ingeyeyuka kwa joto la taa."

"Viazi? Na yule mtoto aliyelamba akafumba macho kwa utamu?"

"Binti yangu yule. Alifumba macho kwa sababu bibi yako alisahau chumvi."

Muuguzi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akakunja uso. "Ufute ukurasa huu. Utaniharibia utoto."

"Sifuti ng'o! Nimedanganya miaka thelathini, niache nipumue."

Basi liliposimama, muuguzi alishuka na kitabu kwapani, akapayuka dirishani: "Ilikuwa aiskrimu!"

"Viazi!" mzee akajibu, machozi ya kicheko yakimtoka.

Nami niliyeikodolea macho aiskrimu hiyo utoto mzima, nilijikuta bado nameza mate.